Kipimo Hiki Kinasema Kweli kwa Kiasi Gani? Mwongozo wa Kupima Usahihi na Manufaa ya Vipimo vya Magonjwa

Boksi la kipimo likiandikwa "usahihi asilimia 98", bado hujaambiwa kitu. Asilimia 98 ya nani? Wagonjwa waliozidiwa au watu waliokuja na kikohozi cha siku tatu? Kililinganishwa na nini? Na nani aliyesoma majibu, fundi wa kiwandani au muuguzi aliyekuwa na foleni ya watu 60?

Mwongozo huu ni kwa mtu wa maabara, mtabibu au mwanafunzi anayetaka kupima kipimo mwenyewe, au kuisoma ripoti ya wengine bila kudanganyika. Hesabu zake ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Kinachoharibu tafiti nyingi ni mambo yanayotokea kabla ya hesabu: nani alipimwa, nani alihakikiwa, na nani aliachwa nje ya jedwali kimyakimya.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kipimo kipya cha haraka cha kifua kikuu kinachotumia makohozi. Takwimu zake ni za kufundishia, lakini makosa yake ni yale yale ya kazini.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa sampuli

Sentensi moja inatosha, mradi iwe na vitu vitatu: mpimwa ni nani, kipimo kinakaa wapi katika safari ya mgonjwa, na jibu litabadilisha uamuzi gani.

Hilo la pili ndilo watu hulisahau. Kipimo kinaweza kuja badala ya kilichopo, kinaweza kutangulia ili kuchuja nani aendelee na kipimo cha gharama, au kinaweza kuongezwa mwishoni ili kuthibitisha. Cha kuchuja hakiruhusiwi kuwakosa wagonjwa. Kikiwakamata wazima wachache kimakosa, kipimo kinachofuata kitawatoa. Cha kuthibitisha kina kazi ya kinyume: anayeambiwa anao, awe nao kweli, hasa kama matibabu ni ya miezi mingi na dawa zina sumu. Usipojua unapima cha aina gani, huwezi kusema matokeo yako ni mazuri au mabaya.

Swali letu: kwa watu wazima wanaofika kliniki na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, je, kipimo hiki kinaweza kumwanzishia mtu dawa siku hiyo hiyo, bila kusubiri majibu ya kuotesha bakteria maabara?

Hatua ya 2: Chagua kipimo rejea, na ujue mipaka yake

Kipimo rejea ndicho utakachokichukulia kuwa ukweli. Kwa kifua kikuu cha mapafu ni kuotesha bakteria. Njia hiyo hugundua hata bakteria 10 hadi 100 katika mililita moja ya makohozi, ilhali darubini huhitaji takriban 5,000 hadi 10,000. Tatizo lake ni muda: bakteria wakioteshwa kwenye chakula cha maji husubiriwa hadi siku 42 kabla ya kuandika hasi, na kwenye chakula kigumu hadi wiki nane.

Muda huo unashawishi watu kutumia darubini kuwa rejea. Tazama kinachotokea. Tuseme kati ya watu 1,000, wagonjwa wa kweli ni 100. Darubini inawaona 60. Kipimo kipya kinawakamata 85: 58 miongoni mwa wale 60, na 27 miongoni mwa 40 ambao darubini iliwakosa. Pia kinatoa chanya ya uongo kwa wazima 36. Ukiichukulia darubini kuwa ukweli, wale wagonjwa 27 wanaandikwa kama makosa ya kipimo kipya. Unapata kwamba kinakamata 58 kati ya 60, yaani asilimia 96.7, na kinawaachia sawasawa 877 kati ya 940, yaani asilimia 93.3. Ukweli wenyewe ni asilimia 85 na asilimia 96. Namba zote mbili zimekosewa, moja kwa kupanda na nyingine kwa kushuka, na hakuna hesabu yoyote ya baadaye itakayokuonyesha hilo.

Yako makosa mengine matatu ya kuepuka hapa.

Kipimo unachokichunguza kisiwe sehemu ya rejea. Kama daktari anatumia jibu lake kuamua nani "ana kifua kikuu", kipimo kinajisahihishia mtihani wake chenyewe.

Usirudie kupima zile sampuli tu ambazo majibu mawili hayakukubaliana. Inaonekana ni haki, lakini marekebisho yote huelekea upande mmoja: waliokubaliana kimakosa hawaguswi, na kipimo kipya hutoka kikiwa bora kuliko kilivyo. Kama rejea ina mashaka, tengeneza kanuni ya pamoja kabla ya kuanza, kwa mfano: kuotesha sampuli mbili, na kwa walio hasi, kuwafuatilia miezi michache bila dawa za kifua kikuu.

Na sampuli za vipimo vyote viwili zichukuliwe siku moja. Mgonjwa akianza dawa katikati, bakteria hufa, kuotesha kunatoka hasi, na kipimo kinachokamata vinasaba kinaendelea kuwa chanya kwa sababu DNA ya bakteria waliokufa bado ipo.

Hatua ya 3: Sajili watu wanaofanana na utakaowapima kesho

Njia sahihi ni kumchukua kila anayetimiza sifa, kwa kufuatana, anavyoingia mlangoni. Njia rahisi, inayopendwa na wauzaji, ni kuchukua wagonjwa 50 wa wodini na wazima 50 waliokuja kuchangia damu. Karibu kipimo chochote kinafaulu mtihani huo. Mgonjwa wa wodini ana bakteria tele kwenye makohozi, mchangia damu hana hata kikohozi. Waliokosekana ni wale wanaokisumbua kipimo: mgonjwa wa mwanzoni mwenye bakteria kidogo, mtu mwenye VVU ambaye makohozi yake hayana bakteria wengi, na mzima mwenye ugonjwa mwingine wa mapafu unaofanana na huu. Lijmer na wenzake walipochambua tafiti nyingi za vipimo mwaka 1999, mtindo huu wa kukusanya wagonjwa upande mmoja na wazima upande mwingine ndio uliokuza usahihi kuliko kasoro nyingine zote walizozipima.

Ukikutana na ripoti inayosema "sampuli zilizohifadhiwa" bila kueleza zilichaguliwaje, ihesabu kuwa ni ya mtindo huo mpaka ithibitike vinginevyo.

Hatua ya 4: Hesabu idadi, ukianzia kwa wagonjwa

Fomula ni hii: zidisha 3.84 kwa kiwango unachotarajia, zidisha kwa kilichobaki kufika 1, halafu gawanya kwa kipeo cha pili cha kosa unalokubali. Ukitarajia kukamata asilimia 85 na unataka kosa lisizidi asilimia 7 kila upande: 3.84 × 0.85 × 0.15 ÷ 0.0049, unapata wagonjwa 100. Ukitaka kosa la asilimia 5, unahitaji 196.

Hao ni wagonjwa, si washiriki. Kama mmoja kati ya kumi wanaoingia kliniki ndiye mwenye kifua kikuu, wagonjwa 100 wanamaanisha kusajili watu 1,000, na 196 wanamaanisha 1,960. Ongeza juu yake sampuli zitakazooza, chupa zitakazovuja na watu wasioweza kutoa makohozi.

Hatua ya 5: Endesha vipimo bila kuvujisha siri

Anayesoma kipimo kipya asijue jibu la rejea, na anayesoma rejea asijue la kipimo kipya. Mstari hafifu kwenye kipimo cha haraka huonekana vizuri zaidi ukishaambiwa mtu anaumwa. Ndivyo macho yalivyo. Tumia namba za siri kwenye sampuli na rejista mbili tofauti.

Mengine ya mezani yanaonekana madogo lakini ndiyo hutengeneza majibu ya uongo:

- Muda wa kusoma. Kipimo kikiandikwa kisomwe baada ya dakika 15, kisomwe kwa kipima muda na si kwa kukisia. Kikisomwa mapema, mstari hafifu haujatokea. Kikikaa saa nzima, kimiminika hukauka na kurudi nyuma, na kivuli cha mstari huonekana pasipo kitu.
- Kiasi cha sampuli. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutaka mikrolita 5 tu za damu. Damu ikizidi, sehemu ya kusomea inabaki nyekundu na mstari hafifu unafunikwa. Ikipungua, kipimo kinakosa cha kukamata.
- Joto la stoo. Soma boksi: vingi havitakiwi kuzidi nyuzi 30, vingine 40. Andika joto la juu na la chini kila siku, kwa sababu kipimo kilichopikwa stoo kinaweza bado kutoa vizuri mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, huku kimepoteza uwezo wa kukamata ugonjwa.
- Mstari wa udhibiti usipotokea, jibu ni batili. Si hasi.

Kama jibu linategemea jicho, pima pia kama wasomaji wanakubaliana. Wape wawili vipimo 100 vilevile. Tuseme wote wanasema chanya kwa 40, wote hasi kwa 45, na wanatofautiana kwa 15: mmoja ana chanya 48, mwingine 47. Wamekubaliana asilimia 85, lakini sehemu ya makubaliano hayo ingetokea hata kama kila mmoja angekisia: 0.48 × 0.47 + 0.52 × 0.53 = 0.50. Kapa ya Cohen inaiondoa sehemu hiyo: (0.85 − 0.50) ÷ (1 − 0.50) = 0.70. Si mbaya. Ikishuka chini ya 0.6, acha kwanza utafiti wa usahihi, rudi kwenye mafunzo ya kusoma au mwangaza wa chumba.

Hatua ya 6: Jaza jedwali la vyumba vinne

Washiriki 1,000, kuotesha kumesema 100 wanao na 900 hawana:

- Wanao, kipimo chanya (chanya ya kweli): 85
- Wanao, kipimo hasi (hasi ya uongo): 15
- Hawana, kipimo chanya (chanya ya uongo): 36
- Hawana, kipimo hasi (hasi ya kweli): 864

Unyeti ni sehemu ya wagonjwa wanaokamatwa: 85 ÷ 100 = asilimia 85. Umahususi ni sehemu ya wazima wanaoachiwa: 864 ÷ 900 = asilimia 96.

Kuna namba ya tatu ambayo matangazo huipenda, "usahihi wa jumla": (85 + 864) ÷ 1,000 = asilimia 94.9. Usiitumie. Mtu akitupa vipimo vyote jalalani na kumwandikia kila mmoja "hasi", atakuwa sahihi kwa asilimia 90 bila kumpata mgonjwa hata mmoja.

Majibu batili yanakwenda wapi? Hapa ndipo ripoti nyingi hujipendelea. Tuseme wagonjwa 10 kati ya wale 15 hawakupata hasi bali "batili". Ukiwaondoa, unyeti unakuwa 85 ÷ 90 = asilimia 94.4. Lakini mgonjwa aliyepewa jibu batili ameondoka bila dawa sawa na aliyepewa hasi. Toa namba zote mbili, na uandike wazi batili zilikuwa ngapi na kama zilirudiwa.

Hatua ya 7: Kagua nani hakuhakikiwa

Kuotesha ni gharama, kwa hiyo kuna anayesema: tuwaoteshee wote walio chanya, na wale hasi tuchukue mmoja kati ya watano. Kiakili si kosa. Kosa ni kusahau kwamba ulifanya hivyo unapokokotoa.

Katika mfano wetu chanya ni 121, wote wamehakikiwa. Hasi ni 879. Wamehakikiwa 176, na kati yao 3 wanao na 173 hawana. Ukihesabu waliohakikiwa peke yao, unyeti ni 85 ÷ 88 = asilimia 96.6, na umahususi ni 173 ÷ 209 = asilimia 82.8. Kipimo kimegeuka kuwa kingine kabisa. Dawa ni kurudishia uzito: kila hasi aliyehakikiwa anasimama kwa watu 879 ÷ 176, yaani karibu watano. Watatu wanakuwa 15, na 173 wanakuwa 864. Umerudi kwenye ukweli.

Marekebisho haya yanafanya kazi tu kama wale mmoja kati ya watano walichaguliwa kwa bahati nasibu. Kama daktari aliwachagua "wanaotia shaka", au ni wale waliokubali kurudi, hakuna uzito utakaowaokoa.

Hatari zaidi ni pale chanya wanapohakikiwa kwa njia moja na hasi kwa nyingine, kwa mfano chanya wanaoteshewa, hasi wanapigiwa simu kuulizwa kama wamepona. Kikohozi hupungua chenyewe kwa muda. Hasi ya uongo itajibu "najisikia vizuri" na kuhesabiwa mzima.

Hatua ya 8: Weka wigo wa uhakika pembeni ya kila asilimia

Wigo wa uhakika ni eneo ambamo namba ya kweli huenda imo. Asilimia 85 kutoka kwa wagonjwa 100 ina wigo wa uhakika wa asilimia 95 unaoanzia 76.7 hadi 90.7, kwa njia ya Wilson ya mwaka 1927, ambayo inapatikana kwenye programu yoyote ya takwimu. Ile ile asilimia 85 kutoka kwa wagonjwa 20, yaani 17 kati ya 20, ina wigo wa 64.0 hadi 94.8: kipimo hicho kinaweza kuwa kibovu au bora, hujui.

Unyeti wa asilimia 100 bila wigo ni tangazo la biashara. Ishirini kati ya ishirini bado inaruhusu unyeti wa kweli kuwa asilimia 84. Kanuni ya haraka ya kichwani: usipoona kosa lolote kati ya watu n, kiwango cha kosa kinaweza kufika 3 ÷ n.

Hatua ya 9: Geuza namba ziwe za mgonjwa aliye mbele yako

Unyeti na umahususi hujibu swali ambalo hakuna mgonjwa anayeuliza. Yeye haulizi "kama ninao, kipimo kitanikamata?" Anauliza "kimetoka chanya, je, ninao?" Jibu lake ni thamani tabiri, na thamani tabiri haimo ndani ya boksi. Inatokana na boksi pamoja na watu unaowapima.

Chukua kipimo kilekile, unyeti 85 na umahususi 96, ukipeleke sehemu tatu.

Kliniki ya kikohozi, ambako asilimia 10 wanao: chanya ni 121, wa kweli 85. Mwenye chanya ana uwezekano wa asilimia 70. Mwenye hasi bado anao kwa asilimia 1.7 tu (15 kati ya 879).

Upimaji wa watu wasio na dalili, ambako nusu ya asilimia moja wanao: pima 20,000, wagonjwa ni 100. Unawakamata 85. Lakini wazima ni 19,900, na asilimia 4 yao ni 796. Chanya jumla ni 881, na anayeumwa ni chini ya mmoja kati ya kumi: asilimia 9.6. Kipimo hakijaharibika, hakuna aliyekosea mezani. Wazima ni wengi mno kiasi kwamba asilimia ndogo yao inawafunika wagonjwa wote. Na thamani ya hasi hapa ni asilimia 99.9, namba inayopendeza kwenye mabango, ila kumbuka kwamba kabla ya kumpima mtu yeyote ungeweza kusema "huna" na kuwa sahihi kwa asilimia 99.5.

Wodi ya watu wenye homa za jioni, waliokonda, na picha ya kifua yenye matundu, ambako tuseme asilimia 60 wanao: kati ya 1,000, chanya ni 526 na wa kweli ni 510, asilimia 97. Lakini hasi ni 474, na ndani yao wamo wagonjwa 90. Mtu mwenye dalili hizo akipata hasi, bado anao kwa asilimia 19. Kumrudisha nyumbani kwa jibu hilo ni kosa la mtabibu, si la kipimo.

Ndiyo maana chanya moja haitoshi pale ugonjwa ulipo haba. Kwa VVU, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2019 linapendekeza vipimo vitatu tofauti vitoke chanya mfululizo kabla ya kumwambia mtu ana maambukizi, kwa sababu kadiri wenye VVU wasiojijua wanavyopungua, ndivyo chanya za uongo zinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya chanya zote. Ukiunganisha vipimo, viwe vya aina tofauti kweli. Viwili vinavyokamata kitu kilekile hudanganywa na kitu kilekile, na kuzidisha viwango vyao vya makosa kana kwamba havihusiani kutakupa matumaini ya bure.

Kwa kazi ya haraka kando ya kitanda, tumia uwiano wa uwezekano. Wa chanya ni unyeti gawanya kwa kiwango cha chanya za uongo: 0.85 ÷ 0.04 = 21. Wa hasi ni 0.15 ÷ 0.96 = 0.16. Chukua uwezekano wa mwanzo kama "mmoja anao kwa tisa wasio nao", zidisha mmoja kwa 21: sasa ni 21 kwa 9, yaani 21 kati ya 30, asilimia 70 ileile. Uwiano wa chanya unaozidi 10, au wa hasi ulio chini ya 0.1, hubadilisha mawazo kweli. Ukiwa karibu na 1, kipimo hakijakuambia lolote, hata kama kina mashine ya kupendeza.

Kama jibu ni namba, si ndiyo au hapana

Sukari, homoni, protini: hapo kuna kikomo kinachotenganisha chanya na hasi, na kikomo kikishuka unyeti unapanda na umahususi unashuka. Chora mstari wa ROC, unyeti juu na chanya za uongo chini, kwa kila kikomo. Eneo chini ya mstari lina maana moja tu: ukimchukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja kwa bahati nasibu, ni mara ngapi mgonjwa atakuwa na namba ya juu zaidi. 0.5 ni kurusha sarafu.

Usichague kikomo kwa kutafuta kinacholeta matokeo mazuri ndani ya data yako halafu ukaripoti usahihi kutoka data hiyohiyo. Ama kiandike kabla, ama kitafute kwa kundi moja na ukipime kwa jingine. Na fomula ya Youden ya mwaka 1950 ya kuchagulia kikomo, unyeti jumlisha umahususi toa 1, inachukulia kumkosa mgonjwa na kumsumbua mzima kuwa ni makosa yenye uzito mmoja. Kwa magonjwa mengi si kweli.

Hatua ya 10: Pima kama kinasaidia

Hapa uzito wa makosa unaingia kwenye hesabu. Waulize watabibu: uko tayari kuwatibu pasipo sababu wazima wangapi ili usimkose mgonjwa mmoja? Wakisema tisa, kizingiti chao, yaani uwezekano wa ugonjwa unaowatosha kuanzisha dawa, ni asilimia 10: mgonjwa mmoja kwa wazima tisa. Watafiti Vickers na Elkin walionyesha mwaka 2006 jinsi ya kutumia jibu hilo: faida halisi ni chanya za kweli kwa kila mpimwa, toa chanya za uongo kwa kila mpimwa zilizozidishwa na uwiano huo wa mmoja kwa tisa.

Kwa kipimo chetu kliniki: 0.085 − 0.036 × (1 ÷ 9) = 0.081. Kumtibu kila mtu bila kupima: 0.100 − 0.900 × (1 ÷ 9) = 0. Kipimo kinashinda kwa mbali. Sasa badilisha: watabibu wanasema wako tayari kutibu wazima 99 kwa ajili ya mgonjwa mmoja, labda dawa ni salama na ugonjwa unaua haraka. Kipimo: 0.085 − 0.036 ÷ 99 = 0.0846. Kutibu wote: 0.100 − 0.900 ÷ 99 = 0.0909. Kwa watu hao, kipimo chetu kizuri kinaleta madhara, kwa sababu wagonjwa 15 kinaowanyima dawa ni wengi kuliko usumbufu unaookolewa. Kwa kifua kikuu, chenye dawa za miezi mingi, kizingiti hakiwezi kuwa chini hivyo. Kwa maambukizi ya ubongo yanayoua kwa saa chache kinaweza.

Halafu fuata jibu hadi mwisho wake. Hesabu siku kutoka sampuli hadi jibu kumfikia mgonjwa, na kutoka jibu hadi dozi ya kwanza. Kipimo cha saa mbili ambacho karatasi yake inasafiri wiki nzima ni kipimo cha wiki. Hesabu pia wangapi walioanza dawa wangeanzishwa hata bila kipimo, kwa dalili tu. Mara nyingine sehemu hiyo ni kubwa mno hata vifo havipungui ingawa ugunduzi umeongezeka.

Kwa upimaji wa watu wasio na dalili kuna mtego wa ziada: kugundua wengi si kuokoa wengi. Korea Kusini, upimaji wa tezi ya shingo kwa mashine ya mawimbi ya sauti ulipoenea, saratani ya tezi mwaka 2011 ilikuwa imeongezeka mara 15 ikilinganishwa na 1993, na vifo vyake vilibaki palepale. Watu walikatwa tezi kwa uvimbe ambao haungewaua. Wala usilinganishe muda wa kuishi tangu ugunduzi: ukigundua mapema, saa inaanza kuhesabu mapema, hata mgonjwa akifa siku ileile ambayo angekufa. Linganisha vifo kati ya makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, moja linalopimwa na jingine lisilopimwa.

Baada ya kukianzisha

Ukiandika ripoti, orodha ya STARD ya mwaka 2015, inayotaja mambo ambayo ripoti ya usahihi wa kipimo inapaswa kuwa nayo, ina vipengele 30. Ifuate, na mchoro wa waliosajiliwa, walioachwa na waliohakikiwa usikose. Ukisoma ripoti ya mwingine, mwongozo wa ukaguzi uitwao QUADAS-2 unakuongoza kwenye maswali manne: wagonjwa walichaguliwaje, kipimo kilisomwaje, rejea ilikuwa nini, na nani alipotea njiani.

Kisha endelea kukifuatilia, kwa sababu vimelea hubadilika. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hukamata HRP2, protini inayotengenezwa na kimelea. Mwaka 2010 iliripotiwa kutoka Peru kwamba kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Vinaonekana kwenye darubini ilhali kipimo kinasoma hasi. Baadaye vilikutwa Eritrea kwa wingi kiasi cha kulazimisha kubadilisha vipimo. Protini hiyohiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo kipimo hukosea pia upande wa pili. Chukua sampuli chache kila mwezi, chanya na hasi, uzihakiki kwa darubini au vinasaba. Kwa HRP2, kizingiti cha Shirika la Afya Duniani ni asilimia 5: hasi za uongo zinazoletwa na upotevu wa jeni zikivuka hapo, nchi inatakiwa kuhamia kipimo kisichotegemea protini hiyo peke yake.